Siku Tuliyopeleka Pilau Nyumba za Wajane

Watu wa matanga waliondoka juzi. Nyumba yangu hapa Stafford, Texas, bado inanuka vitunguu na maua ya dukani, viti vya kukunja vimeegemezwa ukutani gereji vikisubiri mwenyewe avifuate, na mimi sina nguvu hata ya kusuuza kikombe. Tumemzika Mama Zilpa. Wanawe watatu walikuja, wanaume wazima wenye mvi na suti nyeusi, wakasimama mbele ya watu wakatoa shukrani ndefu na nzuri. Watu walipokwisha kula, mkubwa wao, Jairo, alinifuata jikoni nikiwa nakwangua ukoko wa sufuria. Akaniuliza kwa sauti ya chini mama yao alikuwa akisema nini juu yao miaka yote ile. Nikamwambia alikuwa akiwataja katika maombi kila siku, mmoja mmoja kwa jina, na huo ni ukweli. Akashusha pumzi, akachukua kitambaa, akaanza kunipangusia vyombo, na mimi nikamwacha apanguse. Jibu refu sikumpa. Jibu refu ni la mwaka wa tisini na nane, na najua nikianza kulisema kwa mdomo nitachoka kabla sijafika katikati. Ndiyo maana naliandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba na sikuwa nalala. Nilipanga Irving, kando ya Dallas, pamoja na Njeri, msichana wa Nakuru aliyekuwa karani kwenye ofisi ya bima, katika nyumba ya ghorofa iliyokuwa karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita vikombe vilicheza kabatini. Vyumba vya kulala vilikuwa viwili, vidogo, na sebule yenye kochi tuliloliokota kando ya jalala, tukalitandika leso mbili ili lisionekane lilikotoka. Usiku nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwageuza, kuwasafisha, kuwapeleka msalani. Asubuhi nilikwenda darasani, kwa kuwa nilikuwa nasomea uuguzi. Mchana nililala, kama unaweza kuita kule kulala. Chakula chetu kilikuwa ugali wa unga wa mahindi ya Kimexico, ambao haukuwahi kushika vizuri, na sukuma wiki ya Kimarekani yenye majani magumu kama mkoba. Kupitia ukutani nilikuwa nikimsikia Njeri akiongea kwa simu na mamake, akimwambia kila Jumapili kwamba hapa maisha ni mazuri, hatujakosa kitu. Sikumsema, kwa sababu na mimi nilikuwa namwambia wangu hivyo hivyo.

Mama Zilpa nilimjua kwenye ushirika wetu wa kina mama wa Kiswahili, uliokuwa ukikutana Jumamosi katika ukumbi wa kuazima. Alikuwa Mmaragoli, mfupi, mpana, wa miaka sitini na kitu, aliyeletwa Texas na mwanawe wa pili, Elijah, kuja kulea wajukuu huko DeSoto. Mimi ni Mtaita, kwa hiyo kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili tu na gari langu bovu. Yeye hakujua kuendesha, na mwanawe alikuwa kazini kila alipohitajika, basi mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kliniki kupima presha. Safari moja ya kliniki ndiyo iliyonijulisha shida yake. Nilifika DeSoto mapema, mlango ukiwa wazi, nikakaa ukumbini kumsubiri avae viatu. Jikoni mkewe Elijah alikuwa akisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayepanga mizigo, kwamba nyumba waliyopata Houston ina vyumba vitatu tu, watoto sasa ni wakubwa, kila mmoja anataka chumba chake, na mama hawezi kuendelea kulala chumba cha kufulia milele. Elijah akajibu kwamba arudi Kenya basi. Mkewe akamuuliza arudi wapi, kwa maana Jairo alikuwa ameshauza shamba la Mama huko Kenya na nyumba iliyokuwa juu yake. Nilipogeuka, Mama Zilpa alikuwa amesimama nyuma yangu na viatu vyake mkononi. Alikuwa amesikia yote. Aliketi akavivaa polepole, akasema twende, tutachelewa kwa daktari.

Walikuwa wanahama mwisho wa mwezi wa sita. Hilo likawa ndilo jambo la mwaka, ingawa kwenye ushirika halikutajwa. Watu walijua, watu hujua kila kitu, lakini nani angemwambia mama mtu mzima kwamba tumesikia huna pa kulala? Mwenyewe alikuwa akikoroga chai ya ushirika kama kawaida na kugawa mandazi. Siku hiyo ya kliniki, kwenye chumba cha kungojea, alikaa karibu na bibi mmoja Mmarekani mwenye kofia ya kufuma, wakaanza kuzungumza kupitia kwangu. Bibi yule alikuwa na shangazi aliyekuwa akiishi Fort Worth katika nyumba za sadaka, safu ya vijumba vya matofali vilivyojengwa zamani na mjane tajiri kwa ajili ya wanawake wazee wasio na mtu, kila mwanamke na kijumba chake, na katikati kikanisa. Mama Zilpa aliniambia nimuulize kama kila kijumba kina jiko lake. Bibi akasema ndiyo, jiko dogo. Mama hakuuliza lingine. Wiki iliyofuata alimwendea Grace, mwenyekiti wetu, akamwambia kuna wazee Fort Worth, ingefaa ushirika uende ukawaone.

Grace alikuwa muuguzi wa Nairobi aliyezoea kuongoza watu, na wazo lile lilimpendeza. Kuwatembelea wazee na wagonjwa ni jambo ambalo kina mama wa kanisa kwetu hulifanya tangu zamani: mnapika, mnabeba sukari na sabuni, mnakaa nao, mnaimba, mnaomba, mnaondoka. Alipiga simu kule, akaambiwa vikundi vinapokelewa Jumamosi asubuhi, akaandikisha kikundi chetu. Hakuna aliyefikiria kuuliza vinapokelewa kufanya nini. Tukapika. Tulipika Ijumaa yote nyumbani kwa Grace, pilau sufuria mbili, kuku, chapati zilizofungwa kwa taulo ndani ya hotpoti, kachumbari kwenye ndoo safi. Tukanunua sukari, sabuni za kuogea, soksi nene na blanketi. Gari tulilipata kwa Abdalla, Mzanzibari aliyekuwa akiendesha gari la abiria la uwanja wa ndege, mtu mpole mwenye kofia ya kazi, aliyesema atatupeleka ilimradi sufuria zisimwagikie viti. Mama Zilpa alipanda wa kwanza. Alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi na kofia, na mimi peke yangu nilijua kwa nini amejipamba hivyo.

Tulipofika tulipokelewa na kijana wa kike mwenye beji, aliyetazama sufuria zetu kwa adabu kubwa, akasema chakula hakiruhusiwi ndani ya jumba la makumbusho. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Walikuwa wametuandikia ziara ya watalii. Tukaacha sufuria kwenye gari, tukamfuata kwa mstari, wanawake kumi na kitu wenye vitambaa vya kichwa, na Abdalla nyuma. Kijumba cha kwanza kilikuwa kimehifadhiwa jinsi kilivyokuwa enzi hizo: kitanda chembamba cha chuma, beseni na jagi, kiti cha kutikisika, Biblia, na kamba nyekundu mlangoni ili usiingie. Mwongozaji alieleza juu ya matofali, juu ya mafundi, juu ya mjane aliyetoa mali yake. Kina mama walichungulia kitandani. Mmoja akauliza kwa Kiswahili mwenye kitanda amekwenda wapi. Nikamtafsiria mwongozaji, naye akajibu kwamba alifariki kabla hata ya baba zetu kuzaliwa. Wenzangu wakaangaliana. Tulikuwa tumeshinda Ijumaa yote tukisukuma chapati kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa zamani. Ningecheka kama nisingekuwa nimetoka zamu asubuhi ile ile, miguu imevimba, nikiwa nimeegemea mlango ili nisianguke.

Grace hakupenda kushindwa. Akamuuliza yule kijana, kwa kile Kiingereza chake cha wodini, kama kuna mzee yeyote aliye hai mahali hapa. Kijana akasema wapo, wanne, safu ya nyuma, lakini hao si sehemu ya ziara. Grace akasema sisi tulikuja kwa ajili ya hao. Akaitwa msimamizi, mwanamke mrefu wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, jina lake Bi. Harlan. Alisikiliza, akatazama soksi na blanketi mikononi mwetu, akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hajawahi kuona kikundi cha ziara kilichokuja na chakula. Akatufungulia chumba cha kulia. Basi tukala na wale bibi wanne, Wamarekani, watatu Wazungu na mmoja Mweusi, ambaye alipoonja pilau alifumba macho, akaomba nyongeza kabla wenzake hawajamaliza. Mama Zilpa hakukaa. Alikuwa ameshaingia jikoni, amepata aproni sijui wapi, anapasha kuku, anafuta meza, anamkatia chapati bibi mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Bi. Harlan alikuwa akimtazama. Akanijia, akaniuliza yule mama ni nani. Na Mama Zilpa, aliyekuwa akingoja jambo hilo tangu kliniki, akaja akifuta mikono, akaniambia nimwombe amwonyeshe kijumba.

Kilikuwepo kimoja kitupu, mwisho wa safu. Mwenyewe alikuwa amefariki masika yale. Tuliingia sisi watatu. Chumba kimoja chenye dirisha la kusini, jua likiwa limejaa sakafuni. Kitanda, kabati la ukutani, msala wenye vyuma vya kushikilia, na pembeni jiko la umeme la mafiga mawili. Mama aliwasha jiko akalizima. Akafungua bomba la maji ya moto akalifunga. Akakaa kitandani, akaupapasa ule mfarishi kwa mkono, kisha akatulia tu, mikono magotini. Mimi nilikuwa nikikijua kile chumba cha kufulia cha DeSoto, na godoro lake lililokuwa kati ya mashine mbili, na jinsi wajukuu walivyokuwa wakiingia kuchukua nguo zao bila kugonga. Nilitamani apewe kijumba kile kuliko nilivyotamani kitu chochote changu mwaka ule. Alisema, "Wakesho, muulize mtu anafanyaje ili akae hapa."

Habari ilifika chumba cha kulia kabla yetu, na kina mama hawakuipenda. Grace alinivuta kando. Alisema tutasemwa, Dallas nzima itasema ushirika wetu umempeleka mama wa watu mahali pa maskini, kama hana watoto, kama hana kanisa. Nikamuuliza, basi atakaa kwako? Nyumba yake ilikuwa na watoto wanne na mama mkwe. Mwingine akasema labda zamu, mwezi mmoja mmoja kwa kila nyumba, na wote wakaitazama sakafu. Sikuwalaumu. Kila mmoja wetu alikuwa anabeba alichoweza. Mwishowe Grace akajifunga leso upya kiunoni, akasema haya, kama ni hivyo tufanye vizuri, na akaja nasi.

Bi. Harlan alitupeleka kwenye kikanisa, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa imejaa maboksi. Kilikuwa kidogo, mabenchi sita kila upande, ubaridi wa matofali, vioo vya rangi vilivyomwaga wekundu kwenye viatu vyetu. Ukutani palikuwa na bamba la shaba, nalo lilieleza masharti ya mjane yule: mwanamke aliyezeeka, mwenye tabia njema, asiye na mtoto wala ndugu wa kumtunza. Bi. Harlan alikuwa mtu mwema. Alituambia wazi kwamba sharti hilo hawalichukulii kwa ukali wa zamani, kwamba wanawake wengi pale wana watoto mahali fulani, ila bodi inataka mwombaji mwenyewe aseme kwamba hakuna anayeweza kumtunza. Aseme tu. Kisha akamgeukia Mama Zilpa, akamuuliza kama ana watoto, nami nikatafsiri.

Mama akachangamka. Mama yeyote wa kwetu ukimuuliza watoto wake utamwona uso unavyobadilika. Akawataja: Jairo, kifungua mimba, Elijah, yule wa DeSoto, Rhoda, aliyefariki akiwa ananyonya, Hezron, mwalimu, mwenye sauti ya kuimba. Akaeleza nani alizaliwa msimu wa mvua na nani alimsumbua. Akaongeza wawili wa marehemu dada yake aliowanyonyesha. Mimi nikatafsiri kila jina, nikiona kalamu ya Bi. Harlan ikisita. Grace akainama nyuma ya Mama, akamnong'oneza, "Mama, usiwataje wote. Sema tu hawawezi kukutunza. Hiyo ndiyo answer wanataka."

Mama akamwangalia. "Niseme wapi? Humu?"

"Hapa hapa, Mama. Ni form tu, ni procedure yao."

"Grace, nikisema mbele ya madhabahu kwamba sina mtoto wa kunitunza, si nimewaapiza? Neno la mama likitoka halirudi. Jairo ana watoto wadogo."

Nilimtazama Bi. Harlan, aliyekuwa akingoja. Nikamwambia Mama anafikiri. Abdalla, aliyekuwa amesimama mlangoni amevua kofia, akakohoa. "Bi mkubwa," akasema, "kama tabu ni kanisa, basi tokeni nje mkaseme kule barazani. Nje ni nje tu." Alisema kwa nia njema kabisa, na Mama alilichukua shauri lile kwa uzito. Tukatoka wote, Bi. Harlan naye, pasipo kuelewa tunahamia nini, tukasimama barazani kwenye joto la mwezi wa tano. Mama akavuta pumzi. Akafungua mdomo. Nikamwona akitazama kule kwenye kijumba cha mwisho, mlango wake ukiwa bado wazi. Kisha akaufunga mdomo, akatikisa kichwa, akarudi ndani akaketi benchi la mbele, akafumba macho. Tukarudi nyuma yake mmoja mmoja.

Bi. Harlan hakukasirika. Alikaa karibu nami, akaongea kwa sauti ya hospitali. Alisema anaona ugumu uliopo, na pengine hapana haja mama aseme mwenyewe, pengine anaweza kuandika kwamba watoto wako mbali, jambo ambalo ni kweli, wawili Afrika na mmoja anahamia Houston. Alisema atajitahidi na bodi. Anataka tu kuwa na uhakika kwamba hapa karibu hakuna mtu wa familia, maana bodi itauliza nani huyu kijana anayemleta kliniki na kumsemea. Akaniuliza, bila hila, kwa kalamu iliyokuwa imeshagusa karatasi: na wewe ni nani kwake?

Nimelifikiria swali lile kwa miaka mingi. Jibu lilikuwa jepesi: rafiki, mkalimani, mtu wa kanisani. Yote matatu yalikuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mtu wa umri wa mama yangu, niliyekuwa nikimwita Mama kila siku, ambaye alikuwa amenipa uji nikiwa na homa, na nimeulizwa mbele yake mimi ni nani kwake. Kule kwetu swali hilo halina majibu mawili. Sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe, kama unavyoitika ukiitwa. Nilisema, "Mimi ni mtoto wake."

Bi. Harlan akaiweka kalamu chini. Nilisikia Grace akisema "Woi" polepole. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokisema, na nikageuka kutaka kurekebisha, lakini Mama Zilpa alikuwa amefumbua macho. Kiingereza cha kujua neno hilo alikuwa nacho. Akanishika mkono, akamtazama yule mwanamke, akasema kwa Kiingereza chake mwenyewe, maneno mawili matatu tu, kwamba ndiyo, unaona, ninaye. Akasimama. Akanyoosha gauni la Krismasi, akamshukuru Bi. Harlan kwa kumpa mkono kwa mikono miwili, akaenda kuzima jiko la chumba cha kulia, kwa maana alikuwa ameacha maji ya kuoshea vyombo motoni.

Tukapanda gari kurudi. Sufuria tupu ziligongana nyuma kila tulipopita kwenye kiungo cha barabara. Abdalla alijaribu kuweka redio akaizima. Karibu na Irving Grace aliniuliza, bila kunitazama, kama nyumba yetu ina nafasi. Nikamwambia haina. Akasema atajitolea mchele na mafuta kila mwezi, na kusema kweli, alileta.

Mama Zilpa aliingia kwetu mwisho wa mwezi wa sita akiwa na sanduku moja na mwiko wake. Elijah ndiye aliyemleta. Aliteremsha sanduku, akanishukuru, akasema ni kwa muda mfupi, Houston wakishatulia. Mama akamwekea mkono kichwani akamwombea safari njema. Kochi lilimwumiza mgongo, kwa hiyo alihamia kitandani kwangu, tukagawana: usiku wake, mchana wangu. Niliporudi kutoka kwa wazee wa watu nilimkuta mzee wangu ameamka, shuka bado zina joto lake. Alipika. Nyumba ilijaa harufu za kweli, ugali ukaanza kushika, sijui aliufanya nini. Lakini mchana hakujua kukaa kimya. Aliimba akifua, alipokea simu kwa kupaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, alinifunika nilipojifunua. Njeri alivumilia mpaka mwezi wa tisa, kisha akaniambia kwa upole kwamba amepata chumba karibu na kazini kwake. Kodi yote ikawa yangu. Nikaongeza zamu za Jumapili. Mwezi wa kumi nikaacha darasa, nikijiambia ni muhula mmoja tu. Ikawa miaka mitatu kabla sijarudi. Kuna asubuhi nilipokuwa nikipandisha zile ngazi nilimchukia. Nalisema hivyo hivyo lilivyokuwa. Nilimpenda na nilimchukia, na zaidi ya yote mawili nilikuwa nimechoka, uchovu unaokaa kwenye mifupa na hauondoki ukilala. Nikawaza kijumba cha Fort Worth na jua lake sakafuni, na mwanamke mwingine ambaye bila shaka alikuwa ameshapewa.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili nilirudi mikono imekufa kwa baridi. Mzee mmoja niliyekuwa nikimtunza alikuwa amefariki zamuni, hakuna jamaa aliyepatikana kwenye simu, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Nilijitupa kitandani na viatu. Mama Zilpa aliingia, akanivua kimoja, kisha cha pili, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Ndege ikapita, vikombe vikacheza.

"Wakesho," akasema, "siku ile kwenye kile kikanisa, unajua nilikuwa naomba nini?"

Nilisema nilidhani alikuwa anawaombea kina Jairo.

"Hapana. Niliomba yule mama akikuuliza, umwambie wewe si kitu kwangu. Niliomba kwa nguvu zangu zote. Ile nyumba niliitaka sana. Na wewe nilikuwa nakuona, umechoka, utoto wenyewe hujamaliza. Nikamwambia Mungu, huyu asijifunge."

Hasira zote za miezi ile zilinipanda kwa pamoja. "Sasa mbona hukunifinya, Mama? Ungenifinya tu."

"Nilikuwa bado naomba," akasema. "Wewe ukajibu kabla sijafika amina."

Nikaanza kulia, na sikulia vizuri, nililia na kamasi. Aliniacha nilie mpaka mwisho. Kisha akanifuta uso kwa upindo wa leso yake, kwa nguvu, jinsi anavyofutwa mtoto aliyetoka kucheza kwenye vumbi.

"Na uliposema vile," akasema, "nikaisahau ile nyumba hapo hapo. Mpaka leo nikitaka kuikumbuka ilivyokuwa, sioni kitu."